Jani Hai na Jani Lililoungua

Mkono wa kulia wa Mpimaji ulikuwa na akili zake wenyewe. Kwa miaka kumi na minane ulikuwa katika chumba kidogo nyuma ya zahanati, ukipaka makohozi ya watu kwenye slaidi ya kioo, ukiyaacha yakauke, kisha ukiipitisha slaidi juu ya taa ya spiriti mara tatu, chap, chap, chap. Moto ule ulikuwa na sababu. Uliyagandisha makohozi yasisombwe na rangi, na uliwamaliza wadudu wa kifua kabla hawajapata nafasi ya kumrukia mtu. Basi mkono haukungoja kuagizwa. Ukishika slaidi, unaelekea motoni, kama mguu unavyoijua ngazi ya nyumbani hata taa ikiwa imezimwa.

Mwenye mkono alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, asiye na muda wa kubembeleza. Stashahada yake ya maabara aliitundika juu ya sinki, ili kila anayenawa mikono ajue yuko kwa nani. Mfanyakazi akiharibu sampuli, alimsogezea daftari na kalamu. "Kosa lina mwenyewe. Andika jina." Nyumbani sheria ilikuwa hiyohiyo. Binti yake, ambaye tangu alipoanza kutambaa hakuwahi kutulia na kwa hiyo kila mtu alimwita Kiroboto, akivunja kikombe alitakiwa kusimama katikati ya sebule na kusema kwa sauti, "Ni mimi." Akishasema, kesi imekwisha, hakuna kofi wala hotuba.

Siku moja jioni Kiroboto aliingia ndani kama anakimbizwa.

"Mama, wanatuchukulia maabara!"

"Nani? Vua viatu kwanza."

"Bodi ya shule! Wamepata viti mia mbili vya ukumbi, hawana pa kuviweka. Mwenyekiti kasema maabara imekaa bure tangu mwalimu wa baiolojia ahamishwe, na hadubini yenyewe siku hizi ni sanamu. Sasa shule isiyo na maabara hailetewi mwalimu mwingine wa baiolojia. Sisi kumi na wanne wa sayansi tutatupwa kwenye masomo mengine."

Mpimaji aliacha kukunja nguo. Alimjua mtoto wake. Huyu alikuwa msichana anayechora seli kwenye vumbi la dirisha, kwenye mvuke wa kioo cha bafuni, pembeni mwa orodha ya sokoni. Kumwondolea baiolojia ilikuwa sawa na kumfunga miguu.

"Mwalimu mkuu kasemaje?"

"Katupigania, tukapewa dakika kumi. Kesho kutwa, saa nne asubuhi, kabla ya kikao. Mwenyekiti kasema tukimwonyesha kitu kilicho hai kwenye hiyo hadubini, kinachojiendesha chenyewe, viti vitatafutiwa kwingine. Tukimwonyesha madoa ya rangi, viti vinaingia siku hiyohiyo."

"Kitu kilicho hai tu?" Mpimaji alicheka kwa pua. "Mwanangu, nimeanza kuinama kwenye hadubini kabla hujaota jino. Waambie wenzako nakuja mwenyewe."

Alijipiga kifua bila kufikiri. Kama angefikiri, angekumbuka kwamba katika miaka yote ile, kati ya maelfu ya slaidi zilizopita chini ya jicho lake, hakuna hata moja iliyokuwa na kitu kizima. Vyote alivyoviona vilikuwa vimechomwa, vikapakwa rangi, vikalala vimekufa kabisa kabla yeye hajavitazama.

Kiroboto alikuwa tayari na mpango. Kitabu chake kilisema kuna mmea wa majini wenye majani membamba mno, tabaka mbili tu za seli, na kwamba ukiweka jani lake zima chini ya hadubini unaweza kuona punje za kijani zikizunguka ndani ya seli. Mmea ule haukuwa wa kutafutwa mbali. Ulikuwa umejaa kwenye tangi la samaki pale zahanati, mahali wagonjwa wanapongojea majina yao yaitwe. Siku ya pili, wakati wa kufunga kazi, Mpimaji alikata tawi lenye urefu wa kidole, akalitia kwenye chupa ya maji, akaizungushia gazeti isivunjike, akaitia kwenye mfuko mweusi isipigwe na jua, akaisukumiza chini kabisa ya kikapu. Yule samaki mnene mwenye tangi alimtazama kwa chuki.

"Naliazima tu," Mpimaji alimwambia.

Saa mbili na nusu asubuhi ya siku yenyewe, mama na binti walikuwa mlangoni mwa maabara. Wasichana kumi na watatu walikuwa wamekwisha kufagia, kupangusa meza na kufungua madirisha yaliyokuwa yameshikwa na kutu. Nje, ukutani, viti vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine kama vinasubiri kuingia.

"Shikamoo mama!" waliimba wote.

"Marahaba. Chombo kiko wapi?"

Msichana mmoja mwenye sauti ya kengele, ambaye wenzake walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, aliivua hadubini kitambaa chake. Ilikuwa nzito, nyeusi, ya zamani, isiyotumia umeme. Mpimaji aliizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Alizungusha skrubu za pembeni: zilikwenda. Alifungua lenzi, akazipulizia, akazipangusa kwa pamba na spiriti: zilikuwa nzima. Kisha akainama chini.

"Kioo cha kurudishia mwanga kimekwenda wapi?"

"Tumekitafuta hadi kwenye majalala, mama. Hakipo."

Mpimaji alifungua mkoba, akatoa kioo chake cha kujipakia poda, akakichomoa kwenye kifuniko, akakibandika kwa plasta ya vidonda mahali kile cha zamani kilipokuwa. Wasichana walipiga makofi.

"Makofi ya nini? Sogezeni meza dirishani. Na nisikie wote: hakuna kuelekeza kioo hiki kwenye jua lenyewe, litakutoboa jicho. Tunachukua mwanga wa ule ukuta mweupe wa kule ng'ambo. Mmesikia?"

"Ndiyo mama!"

"Haya. Nileteeni slaidi."

Kila kitu kilikwenda kama maji. Kiroboto aliifungua chupa, akachuma jani moja kwa kibano, la pale karibu na ncha, akalilaza kwenye slaidi. Redio akadondosha tone la maji. Wasichana walibanana mpaka vichwa vikagongana. Mpimaji aliishika slaidi kwa vidole viwili na kueleza huku anatembea, maana hakuweza kueleza akiwa amesimama.

"Sasa tazameni. Slaidi inashikwa pembeni, hivi, usitie alama ya kidole katikati. Halafu..."

Taa ya spiriti ilikuwa inawaka mwisho wa meza. Kiroboto ndiye aliyeiwasha, akichoma kibano motoni kama mama yake alivyomfundisha. Mkono uliiona kabla ya kichwa.

Chap, chap, chap.

Tone la maji lilitoa sauti ya "tsss", likachemka, likapotea. Jani lilijikunja kama ukucha na kugeuka rangi ya chai.

Redio alizimika, jambo ambalo lilisimuliwa muhula mzima.

"Mama," Kiroboto alisema taratibu, "hilo lilitakiwa liwe hai."

Damu ilimpanda Mpimaji usoni. Macho kumi na manne mara mbili yalikuwa juu yake. Mlangoni palitokea mwalimu mkuu, mtu mwembamba mwenye wasiwasi wa kudumu, akiwa ameshika saa yake mkononi.

"Vipi huku, mama? Tumefika wapi? Mbona kuna harufu ya kuungua?"

"Jani lilikuwa bovu," Mpimaji alisema. "Limeoza. Tunaweka lingine."

Alisema haraka, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea majibu ya wagonjwa, na mwalimu mkuu akaamini akaondoka. Wasichana wakatazama viatu vyao. Kiroboto hakutazama viatu. Alimtazama mama yake, na Mpimaji akageuza uso. Aliifunga slaidi ile ndani ya karatasi laini, akaisokomeza mfukoni mwa koti lake jeupe.

"Tunasimama kwa nini? Jani la pili!"

La pili liliwekwa na Kiroboto mwenyewe. Redio alikuwa amekwisha kuizima taa ya spiriti na kuificha chini ya sinki, akajifanya hajui nani kafanya hivyo. Tone la maji, kioo chembamba cha kufunikia, slaidi chini ya lenzi. Mpimaji aliinama, akazungusha skrubu kubwa, kisha ndogo, akaleta lenzi inayokuza kuliko zote, na picha ikatulia.

"Naona seli," alisema. Wasichana walishusha pumzi. "Zimepangana kama matofali, kila moja na ukuta wake. Na ndani zina punje za kijani. Nyingi! Ni hizo kloroplasti."

"Zinatembea?"

Mpimaji alingoja. Akahesabu mpaka sitini kimoyomoyo.

"Hazitembei."

Kiroboto akatazama. Redio akatazama. Wote kumi na wanne wakatazama kwa zamu, kila mmoja akiomba ziwe zimengoja jicho lake tu. Punje zilikuwa zimetulia kama kunde kwenye sahani. Nzuri, za kijani, lakini hazina habari na mtu.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika kumi na tano. Nje, mtu alisikika akivuta viti viwili vya kwanza kuvileta karibu na mlango.

"Labda lenyewe nalo limekufa," alisema msichana mmoja, machozi yakimlengalenga.

"Halijafa," Kiroboto alisema. Alikuwa ameanza kurukaruka, mguu huu, mguu ule, kama anavyofanya akiwaza. "Jani bichi kabisa hili. Halijafa, halina nguvu! Mama, punje hazitembei zenyewe. Seli ndiyo inazisukuma, na kusukuma ni kazi, na kazi inataka nguvu. Nguvu inatoka wapi?"

"Usiniulize kama mwanafunzi wako, sema."

"Kwenye sukari! Na sukari ya jani inapikwa kwa mwanga. Sasa jani letu limekaa wapi tangu jana jioni?"

Mpimaji alikiona kikapu, mfuko mweusi, gazeti lililozungushwa mara tatu.

"Gizani," alisema.

"Nani kalifunga?"

"Kiroboto, usinichokoze, hatuna muda. Dirishani!"

Waliitoa slaidi kwenye hadubini na kuilaza kwenye kizingiti cha dirisha, pale jua la asubuhi lilipoangukia. Wakaongeza tone la maji pembeni lisije likakauka. Mpimaji alisimama juu yake kama askari. Na hapo, akiwa hana la kufanya, neno moja likamrudia kichwani, neno ambalo mara ya mwisho alilitumia kwenye mtihani wa chuo, akapata alama zote, kisha akalisahau kwa sababu kazini hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Mitokondria," alisema.

"Ndiyo!" Kiroboto alipiga kelele. "Humo ndimo sukari inamochomwa!"

"Taratibu, bila moto wala moshi," Mpimaji aliendelea, na sauti ilianza kumpanda. "Inavunjwa kidogokidogo, na nguvu inafungwa vifurushi vidogovidogo, kila sehemu ya seli inachukua kifurushi chake inafanyia kazi. Tulikariri hayo! Mwalimu wetu alitupigia rula mezani. Kloroplasti inapika, mitokondria inachoma, seli inafanya kazi. Nilikariri, jamani, sikuwahi kuona."

"Hata mitokondria hatutaziona leo," Kiroboto alisema. "Ni ndogo mno kwa hadubini hii."

"Tutaona kazi yake. Inatosha. Dakika ngapi?"

"Nane."

"Tuongeze nne."

Zilikuwa dakika nne ndefu kuliko foleni yoyote. Kisha slaidi ilirudi mahali pake, na Mpimaji akamsukuma binti yake mbele.

"Tazama wewe. Wewe ndiye uliyejua."

Kiroboto aliinama. Mguu wa kulia uliokuwa ukirukaruka ulisimama. Mguu wa kushoto ukasimama. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita Kiroboto alikuwa ametulia tuli, na mama yake aliogopa.

"Nini? Sema!"

"Zinakwenda," Kiroboto alinong'ona. Halafu akapaza sauti mpaka madirisha yakatikisika. "Zinakwenda! Zinazunguka, mama! Zinafuatana ukutani, zinapinda kona, zinarudi! Na seli ya jirani zinazunguka kwa upande mwingine!"

Hapo hapakuwa tena na zamu. Palikuwa na viwiko, vilio, na mtu aliyekanyagwa kidole. Redio alitazama sekunde tano, akakimbia nje mpaka kwenye viti, akavipigia kelele kwamba vitafute kwao. Mpimaji alikuwa anajaribu kuwapanga mstari, "Mmoja mmoja! Meza isiguswe!", na kila alipotaka kuinama atazame mwenyewe, alitokea msichana ambaye bado hajaona. Akawaachia.

Saa nne kasoro tano bodi iliingia. Walikuwa watu saba, lakini mwenye neno alikuwa mmoja: mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu, mrefu, mwenye mikono nyuma. Alisalimiwa, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye hadubini.

"Hiki kioo cha chini kimetoka kwenye poda," alisema.

"Kinafanya kazi, mzee," Mpimaji alijibu.

"Sijasema hakifanyi."

Alifumba jicho la kushoto na kuinama, na kwa namna alivyoinama ilionekana wazi kwamba maisha yake yote alikuwa akitazama kwenye vyombo. Alizungusha skrubu ndogo kwa ncha ya kidole.

"Naona matofali."

"Ni seli, mzee," alisema Kiroboto.

"Na punje za kijani ndani yake. Zinatembea."

Wasichana walianza kupiga vigelegele. Mwenyekiti aliinua mkono bila kuinua kichwa.

"Ngojeni. Mimi nimetazama kwenye vyombo vya kupimia miaka thelathini na mitano. Lori likipita barabara ya tatu, nguzo niliyoilenga inacheza. Nguzo siyo hai. Sasa nani ataniambia kwamba siyo meza hii inayotikisika? Au maji tu, yanatiririka chini ya kioo na kubeba vitu?"

"Lakini mzee, zinazunguka ndani ya kila seli!" Redio alilia.

"Hata maji ya kwenye beseni huzunguka, binti yangu. Niliomba kitu kilicho hai. Hiki kinatembea. Kutembea na kuwa hai ni mambo mawili." Alijinyoosha. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililoumiza zaidi: lilikuwa swali la haki. "Mwalimu mkuu, kikao kinatungoja."

Kiroboto alikuwa na majibu yote ya kitabu, lakini kitabu hakikuwa kimemwambia atajibu nini mtu akisema ni meza.

Mpimaji alijua jibu. Kila asubuhi ya kazi, kabla ya kupima mgonjwa yeyote, aliweka slaidi mbili kando kando, moja anayojua ina ugonjwa na moja anayojua haina, ili ajue kwamba anachokiona ni kweli na siyo macho yake. Ukitaka kumwonyesha mtu kilicho hai, mwekee kilichokufa pembeni: jani la mmea uleule, meza ileile, maji yaleyale. Na jani lililokufa lilikuwepo. Lilikuwa mfukoni mwake, likimchoma kama kaa la moto.

Ila angelitoaje bila kusema limefikaje huko? Jani bovu, alikuwa amesema. Limeoza. Mbele ya wasichana kumi na wanne waliojua.

Alimtazama Kiroboto. Kiroboto alikuwa anatazama mfuko wa koti.

"Mzee, nipe dakika mbili," Mpimaji alisema. Akatoa ile karatasi, akaifungua juu ya meza. Kisha, kwa kuwa alijua sheria yake inavyotaka, alisogea katikati ya chumba, akasimama wima. "Hili ni jani la tawi lilelile. Saa moja iliyopita lilikuwa zima. Nikalipitisha juu ya moto kwa mazoea ya kazi yangu, likafa. Mwalimu mkuu aliponiuliza, nikamwambia lilikuwa bovu. Halikuwa bovu. Ni mimi."

Nyuma, mtu alivuta kamasi.

"Kumbe!" alisema mwalimu mkuu. "Ndiyo maana harufu."

"Ndiyo maana harufu. Kiroboto, maji."

Kiroboto alikuwa ameshafika. Walilifunika jani lililoungua kwa tone la maji na kioo chembamba, sawasawa na lile lililo hai, wakaliweka chini ya lenzi. Mwenyekiti alirudisha mikono nyuma na kuinama.

"Matofali yaleyale," alisema. "Punje zimegeuka kahawia. Zimejikusanya pamoja." Alingoja. "Hazitembei."

"Meza ni ileile, mzee," alisema Mpimaji. "Maji ni yaleyale."

Mwenyekiti alipiga meza kwa kiganja, pa! Wasichana wakaruka. Yeye alibaki na jicho lake palepale. "Picha yote imecheza, ikatulia. Punje zipo mahali pake." Akanyoosha mkono bila kutazama, kama daktari anayeomba mkasi. "Nipeni lile lingine."

Alipewa lile lingine. Akatazama. Akapiga meza tena, pa! Akangoja. Akapiga mara ya tatu, kwa nguvu zaidi, mpaka kioo cha poda kikataka kubanduka.

"Hizi hazina habari na mimi," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imekuwa ya mtu mdogo zaidi. "Napiga meza, picha inatetemeka, zenyewe zinaendelea na safari. Zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote, mzee," alisema Kiroboto, na miguu yake ilikuwa imeanza tena. "Zinazungushwa. Kila moja inapata zamu ya mwanga. Seli inazisukuma kwa nguvu iliyotokana na sukari, na sukari zilipika zenyewe. Tulipolitoa jani gizani hazikutembea. Tulilianika dakika kumi na mbili ndipo zikaanza."

"Dakika kumi na mbili. Mlipima?"

"Nilipima kwa saa ya ukutani."

"Vizuri. Ukipima, andika." Bado alikuwa ameinama. Mjumbe mmoja wa bodi aligusa bega lake ili naye aone, hakusogea. "Ngoja kidogo. Kuna moja hapa imenasa konani... aa, imepita."

"Mzee," alisema mwalimu mkuu kwa adabu, "na viti?"

"Viti vina miguu minne kila kimoja," mwenyekiti alisema ndani ya hadubini. "Vitafutiwe turubai, vikae korido. Andika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba chumba hiki kina kazi, na barua ya kuomba mwalimu iende leo."

Kelele zilizotoka humo zilisikika mpaka barabarani. Wajumbe sita walijipanga mstari nyuma ya mwenyekiti na kuanza kulalamika kwamba anakula zamu za watu. Redio aliteuliwa, bila kupigiwa kura, kuwatangazia wanachokiona.

Ilikuwa karibu saa tano chumba kilipopungua. Kikao kilikuwa kimeanza kwa kuchelewa. Mpimaji alitakiwa kurudi zahanati. Wagonjwa walikuwa wanamngoja. Alivua miwani, akainama.

Alikuwa amejiandaa kuona kitu kizuri. Hakuwa amejiandaa kwa mwendo. Punje zilikuwa zinapita mbele ya jicho lake moja baada ya nyingine, bila haraka, bila kugongana, zikishika ukuta, zikikunja kona, katika kila seli, katika seli zote alizoweza kuziona, na zote hizo zilikuwa sehemu tu ya jani dogo kuliko ukucha. Miaka kumi na minane alikuwa ametazama kwenye tundu kama hili, na hakuna kilichowahi kupita.

"Mama, unalia?"

"Macho yamechoka. Nipe kalamu."

Akanyoosha vipande viwili vya plasta na kuandika juu yake kwa mwandiko wa kazini, tarehe, jina la mmea, aliyeandaa. Ya kwanza ilikuwa ya jani hai, na kwenye nafasi ya aliyeandaa aliandika Kiroboto. Jani lenyewe lingekauka kesho, lakini slaidi ingebaki na jina lake. Ya pili aliibandika kwenye slaidi ya jani lililoungua, akaliweka kabatini, rafu ya mbele, mahali mwalimu mpya atakapofungua na kuliona kwanza.

Kiroboto alisoma juu ya bega lake. "Aliyeandaa: Ni mimi," alisoma. "Mama, hilo siyo jina."

"Mwalimu akiuliza ni nani, utamwambia," alisema Mpimaji, akachukua kikapu na chupa ya tawi lililobaki. Safari hii hakuizungushia gazeti. Aliibeba mkononi, juani, mpaka kwa samaki.